Nguzo ya Sebuleni Imechipua

Nilikuwa nafagia sebule nikaona jani. Si la kuzoa, la hasha: jani bichi, limechomoza kwenye nguzo ya katikati, ile inayobeba paa lote. Chini yake mengine mawili madogo yanachungulia kama watoto wa jirani.

Nikakaa chini na ufagio wangu.

Kila mji una kuhani wake. Wa bondeni huongea na mto kabla daraja halijajengwa. Wa milimani huyaomba radhi mawe kabla hayajachongwa. Wetu ni wa miti. Ndiye anayewafundisha mafundi kuuomba mti ruhusa kabla ya kuukata. Nguzo ikichipua, basi mti unalalamika, na kuhani akishindwa kuutuliza, nyumba inabomolewa na mbao zinarudi msituni.

Mume wangu ni seremala. Alipoliona lile jani, msumari alioubana kwa meno ukadondoka.

"Niliuomba! Haki ya nani, niliuomba vizuri!"

"Kama ulivyoniomba mimi?" nikamuuliza. Nikiogopa, mdomo wangu hauna breki.

Mama mkwe hakungoja hukumu. Alikuwa ameshaanza kufunga masufuria kwenye shuka. "Nyumba waichukue," akasema, "masufuria yangu hawayapati."

Kuhani akafika, mwanamke mnene mwenye kisu cha kupogolea kiunoni, na haraka ya mtu anayesubiriwa kwingine. Hakutaka hata kiti. Akabandika sikio kwenye nguzo, akafumba macho. Mama mkwe akavishika vifuniko vyake visilie.

"Fundi," akasema, "kule msituni, uliuambia mti utakuwa nini?"

Mume wangu akajikuna kisogo. "Nilisema... nguzo?"

"Unaniuliza mimi?"

Akatazama vidole vya miguu yake. "Kitanda."

"Kitanda!" nikaruka. "Kitanda kipi? Changu?"

Maana hicho niliahidiwa kabla ya harusi. Mpaka leo tunalala kwenye mkeka, na mgongo wangu unaijua kila nundu ya sakafu hii.

"Mvua zilikuwa zinakuja, mama watoto. Paa lilitaka nguzo. Nikasema kitanda kitangoja."

"Mimi nimengoja. Mwenzangu mti kachoka."

Kuhani akafumbua macho, akacheka mpaka kisu kikatikisika. "Mti uliahidiwa kulala, ukasimamishwa na paa kichwani miaka yote hii. Hata wewe ungetoa majani, fundi."

"Sasa nyumba?" mama mkwe akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Nyumba ipo palepale, mama. Wekeni nguzo nyingine, iliyoombwa kusimama. Hii ilazeni."

Mama mkwe akaketi juu ya furushi lake kwa kishindo, masufuria yakalia. Mimi nikalia pia, huku nacheka.

Nguzo mpya mume wangu aliifuata mwenyewe, na nasikia aliurudia mti neno "nguzo" hadi wachanja kuni wakamwonea huruma. Ile ya zamani alipoilaza tu chini, majani yakadondoka yenyewe, bila kuguswa.

Kitanda kilipokamilika, nikajitupa juu yake mchana kweupe, kazi zote zikiningoja. Mama mkwe akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Nautimizia mti ahadi yake."

Akakitazama kitanda, akanitazama mimi.

"Haya, sogea," akasema. "Tuutimizie wote."