Kaushio la Paskazia

"Soma mwenyewe," nilimwambia Revocatus, nikamsogezea kitabu cha wageni juu ya meza ya afisa wa usajili. "Mwandiko ni wako."

Hakukigusa. Shati lake la kitenge lilikuwa limepigwa pasi mpaka likawa na makali, na wakili wake alikuwa na kalamu tatu mfukoni. Mimi nilikuwa na darasa la saba, vifungu vya sheria nilivyovisoma kwenye simu hadi macho yakaniwasha, na hasira. Hasira yangu ni ya siku nyingi. Nakumbuka minofu ya sangara ilivyokuwa ikipanda ndege hapa Mwanza, sisi tukigombea mapanki, vichwa na mifupa, tena tukiambiwa tushukuru. Siku ile sikwenda kushukuru.

Kaushio lenyewe, la kukaushia dagaa, lilikuwa la Paskazia wa kikundi chetu cha akina mama. Kwetu Nansio, kila masika dagaa walituozea mchangani, tukawauza kwa wafuga kuku kwa bei ya aibu. Yeye akaanza kuhangaika na nailoni, mabati aliyoyapaka masizi, na bomba la madebe la kuvuta hewa. Msimu wa kwanza dagaa walipondeka kama uji. Wa pili, upepo uliling'oa lote likaangukia mihogo ya jirani. Tulimcheka sana, mimi nikiwa wa kwanza. Msimu wa tano mvua ikinyesha, alifungua mlango wa kaushio na dagaa wakatoka wakavu, wanameta kama sindano, hawana punje ya mchanga. Mwaka uliofuata tulikuwa tunauza Lubumbashi.

Na sisi, wajinga wenye adabu, tulimwonyesha kila mtu. Kwetu kikundi kisicho na kitabu cha wageni si kikundi. Aje diwani, aje padri, waje akina mama wa Sengerema: wanasaini, wanazungushwa, wanapimiwa bomba kwa kamba, wanakula, wanaondoka. Revocatus naye alipokuja tulimpimia. Kwenye safu ya maoni aliandika: *Hongereni akina mama, nimejifunza mengi.* Kweli alijifunza. Miaka miwili baadaye aliomba hataza, ile hati ya kumiliki uvumbuzi, kwa kaushio lile lile, akajiita mvumbuzi, akamwandikia mnunuzi wetu wa Lubumbashi kwamba mzigo wetu utazuiwa mpakani. Mnunuzi akaogopa. Magunia mia mbili yakabaki ghalani.

Ndipo nikakutana na kile kifungu: kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani hakipewi hataza. Hapewi mwizi, wala hapewi mwenyewe. Nilikisoma mara nne nikitafuta mlango wa nyuma. Haukuwepo. Nikaenda kwa Paskazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uso gani huo, kuna msiba?"

Nikamweleza. Kitabu kitamwangusha Revocatus, lakini kitamwangusha na yeye. Cheti chenye jina lake, alichokwisha kukitengea msumari ukutani, hakitakuja kamwe.

Aliendelea kuchambua dagaa.

"Wale wa Sengerema, wanalitumia bado?"

"Wamejenga kumi na saba."

"Akipewa huyo, wao inakuwaje?"

"Watamlipa, au wabomoe."

"Wakaombe ruhusa kwa Revo, kwa jasho langu mimi?" Akacheka kicheko kikavu. "Peleka kitabu. Ila usinililie mbele ya watu huko, nakujua ulivyo."

Sikulia. Pale mezani, Paskazia akiwa ameketi kando yangu, afisa, mwanamke wa rika langu, alifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, akilinganisha tarehe na saini. Mwisho akavua miwani.

"Akina mama, mnaelewa kwamba kwa ushahidi huu hata ninyi hamtalimiliki?"

"Tunaelewa," nikasema.

Mwezi uliofuata ombi la Revocatus lilikataliwa, na magunia yetu yakavuka mpaka bila kuguswa. Leo ukitembea ufukweni kutoka Kamanga, kule Sengerema, utayaona makaushio yale, mengine yamezidi letu kwa uzuri, na hakuna anayemwomba mtu ruhusa. Lakini siku ile hatukuwa na hakika ya lolote. Afisa alikuwa ameshika kalamu, wakili anakusanya makaratasi yake, anataka kuwahi.

"Basi nitaandika kwamba halina mwenyewe," afisa akasema.

Paskazia akasimama.

"Liwe la wote, sawa. Lakini aliyelibuni nipo. Andika kwamba nipo."

Afisa akamtazama, akavaa tena miwani, akauliza jina linaandikwaje. Paskazia akamtajia herufi moja moja, polepole, na wakili ikabidi angoje.