Kipaza Sauti Kirefu

Mwaka 1997 Skolastika alikuwa akirekodi sauti za wakimbizi waliovuka ziwa kutoka Kongo, ili redio iwasaidie kutafuta ndugu zao. Siku ile, ufukweni Kigoma, alikuwa hoi. Upepo ulivuma, akachagua kipaza sauti kirefu kinachozuia upepo. Alipomwelekezea mkimbizi mmoja, Merina, yule mama akainua mikono juu.

"Usinipige, mwanangu."

"Si bunduki, mama."

Mikono haikushuka. Skolastika akakirudisha begini, akatoa kinasa sauti kidogo cha kaseti, akabana kipaza sauti chake kidogo kwenye kitenge cha Merina.

"Wanangu Dunia na Emmanueli, mimi mama yenu ni mzima. Niko Kigoma."

Redioni bosi wake alikunja uso. "Upepo umemeza nusu ya maneno. Kesho nenda na kile kirefu."

"Siendi nacho tena," alijibu, akajibwaga kitini.

Walirusha sauti hivyo hivyo. Wiki haikuisha, Dunia akafika Kigoma kutoka kijiji cha Ilagala. Maneno hakuyashika vizuri, alisema, lakini sauti ya mama aliijua. Merina alimkumbatia huku akiangalia nyuma yake, akimtafuta Emmanueli. Dunia akainamisha kichwa.

Skolastika alikuwa pembeni na kinasa mkononi. Hakukiwasha.