Kondoo wa Naisenya

Ng'ombe mwekundu aliupiga teke mtungi, nusura amwage maziwa yote. Nalotuesha akamkodolea macho.

"Hata wewe leo unataka talaka?"

Akaendelea kukamua. Maziwa yalikuwa ya wateja wake wa Kitengela, lakini leo jirani ndiye angeyapeleka. Yeye alikuwa na kesi Kajiado.

Talaka yenyewe haikumtia wasiwasi. Sankale, mumewe wa kanisani, alihamia Magadi akaanza maisha na mwanamke mwingine, na kwa miaka mitano hakutuma hata salamu. Wakili alikuwa amemwambia kwamba kutelekezwa hivyo ni sababu tosha kisheria. Kilichomnyima usingizi ni ng'ombe. Sankale aliwataka wote, wale alioachiwa na babake na hata waliozaliwa yeye akiwa Magadi. Wakienda, watoto wangekula nini? Tena shahidi wa Sankale alikuwa mamake mzazi, Naisenya.

Mahakamani, Sankale aliketi ndani ya suti iliyombana, akitazama dari kama mtu anayesubiri kunyolewa. Naisenya alipanda kizimbani, akaapa, kisha akageuka na kumwona mke wa mwanawe. Mazoea hayana breki; akamsalimu kwa Kimaasai.

"Takwenya, Paker."

"Iko, Paker," Nalotuesha akaitikia kabla hajafikiri.

Karani akatabasamu. Hakimu, ambaye hakuwa mtu wa huko, akaweka kalamu chini. "Mama, huyu si anaitwa Nalotuesha? Mbona unamwita Paker?"

Naisenya akamtazama mwanawe, ambaye sasa alikuwa ameachana na dari. Kila Mmaasai aliyekuwa mle ndani alijua jibu, na alijua pia lilikokuwa likielekea.

"Siku aliletwa kwangu bibi arusi, alikataa kuingia kwa nyumba," akasema polepole. "Ndio desturi yetu, mpaka apewe kitu. Mimi nikampa kondoo. Tangu hiyo siku yeye ni Paker kwangu, na mimi ni Paker kwake. Tunaitana hivyo juu ya hiyo kondoo."

"Na hiyo kondoo ilienda wapi?" wakili wa Nalotuesha akauliza.

"Ilizaa. Akauza watoto yake, akanunua ndama moja nyekundu. Hizo zingine anakamua, mama yao ni hiyo nyekundu."

"Yeyo!" Sankale akamfokea mamake.

"Nyamaza. Wewe ni mtoto yangu na nakupenda. Ng'ombe za baba yako ziko na alama yake kwa masikio, chukua hizo. Lakini hii ilitoka kwa mkono yangu. Nikisema haikutoka, huyu nitamwita nani?"

Kufikia mchana mawakili walikuwa wameelewana. Sankale angechukua ng'ombe wa babake, Nalotuesha yule mwekundu na uzao wake, na karo ya watoto wangesaidiana. Hakimu akaridhia, kisha akavunja ndoa. Nalotuesha alidhani angeshangilia. Badala yake alilia, akapenga kamasi kwa leso, akatoka.

Naisenya alikuwa langoni, peke yake. Sankale alikuwa ameondoka bila kumuaga. Nalotuesha akamkaribia kwa kusitasita, maana hakujua tena amwiteje.

"Mama Sankale..."

Naisenya akakunja uso. "Kwani umenirudishia kondoo yangu lini?"

Nalotuesha akacheka huku machozi hayajakauka, akainamisha kichwa asalimiwe, kama siku ile alipoletwa. Mkono mkavu wa Naisenya ukatua juu yake, ukakaa hapo, huku magari ya kurudi nyumbani Kisaju yakijaa na kuondoka.