Kikohozi cha Mkwe

Danford anatengeneza simu karibu na stendi ya Bariadi, lakini hiyo ni kazi ya kula. Kazi ya moyo wake ilikuwa sebuleni, kwenye kompyuta kuukuu ya mezani. Kuna mfumo wa kompyuta wa bure unaotengenezwa na watu wa nchi nyingi, kila mtu na kipande chake. Kipande chake yeye ni programu ya kuchunguza kiini cha mfumo kinapoanguka, yaani mashine nzima inapokwama ghafla. Ile ya zamani ilikuwa inaanguka pamoja na kiini. Danford akairekebisha ibaki imesimama, mashine igande na kila kitu ndani, uiulize kilichoiua. Ukiizima tu, ushahidi wote umekwenda.

Wenzake wa huo mfumo wakamwambia: tuoneshe anguko moja la kweli, siyo la kuigiza, kabla toleo jipya halijafungwa Ijumaa. Basi sisi wapangaji wenzake tukapata la kuchekea. Kila asubuhi tunamuulizia mashine yake: mgonjwa kaamkaje? Naye anajibu kinyonge kwamba mzima.

Wiki hiyohiyo mama mkwe wake, Nyanjige, akaja kutoka Zagayu na ndoo ya matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, nyumba ikachangamka. Sasa, Danford na mkwewe wanaheshimiana ile heshima ya zamani. Hawatazamani usoni, hawasemeshani. Maneno yote yanapitia kwa Scola, mke wa huyu na binti wa yule. Danford akitaka kupita anakohoa, mama anampisha.

Alhamisi mchana Scola alikuwa sokoni. Mimi na mpangaji mwenzangu Benedikta tulikuwa uani tunatafuna matobolwa na kumsema mwenye nyumba, Danford akarudi kula. Akachungulia dirishani, akasimama kama kapigwa msumari. Mashine ilikuwa imeganda, kioo kimejaa maandishi aliyoyasubiri, feni inanguruma. Na mama mkwe kaishika waya pale ukutani, anaogopa kitu cha watu kisije kikaungua.

Mdomo wa Danford ulifunguka. Lakini mkwe hasemeshwi. Akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu.

Sisi tulijua anataka kupita tu. Mama naye alijua hivyohivyo. Akaichomoa waya harakaharaka, akatokea mlango wa nyuma ili mkwe apate nafasi.

Scola aliporudi akamkuta mumewe kakaa mbele ya kioo cheusi, wala chakula hakukigusa. Akaelezwa, akaenda kumweleza mama yake jikoni. Kisha tukamsikia mama, sauti ikipita juu ya ukuta:

"Scola, mwambie mwenzako angenipigia kelele. Ningemsamehe."

"Mwambie mama hakuna kilichoharibika," Danford akajibu.

Wote wawili walisikiana vizuri, lakini Scola akazifikisha kauli zote mbili.

Ijumaa ikapita, toleo likatoka bila kipande chake. Wenzake wamemwambia asubiri jingine, anguko likipatikana. Mashine aliiwasha jioni ileile ya Alhamisi na mpaka leo haijaugua, na hakuna anayemuuliza tena kaamkaje. Mama mkwe akija siku hizi haingii sebuleni, hata mvua ikinyesha anakaa jikoni na moshi wake. Na Danford, msimu wa pamba vumbi likimkaba koo, anatoka mpaka barabarani ndipo akohoe.