Kikombe Kimoja cha Sanamaki

Haya alinisimulia Verlina mwenyewe Krismasi iliyopita, tukimenya mbaazi jikoni kwake kijijini Tabaquite, na alicheka mpaka bakuli likapinduka.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Agosti, siku ya kuwaosha watoto tumbo kabla shule haijafunguliwa. Verlina alichemsha majani ya sanamaki ya kuharisha, akawapimia wajukuu wake watatu nusu kikombe kila mmoja. Mdogo wake, Hollis, naye akaja ameshika kiuno. Alikuwa amekula mapera na mbegu zake, na siku ya nne hiyo choo hakijamwona.

"Chako kikombe kimoja," Verlina akamwambia. "Unywe, ulale. Asubuhi utaniambia."

"Dada, mwili wote huu, kikombe kimoja?"

"Sanamaki haiangalii ukubwa wa suruali. Na ni leo tu. Tumbo likizoea kusukumwa halitembei tena lenyewe."

Kilichomkaa Verlina moyoni kilikuwa fainali ya karata ya kesho yake. Miaka kumi na moja yeye na Hollis walifungwa na jirani yao Fitzroy na mkewe, na kila mwaka mbuzi wa zawadi alipitishwa mbele ya lango lake makusudi. Mwaka huu alimtaka yule mbuzi. Na sheria ilikuwa moja: anayeinuka mezani kabla mchezo haujaisha, upande wake umeshindwa.

Hollis akanywa, akangoja saa nzima. Tumbo kimya. Verlina alikuwa nje akiingiza kuku.

"Babu, hicho chako hakina nguvu," mjukuu mmoja, Shernel, akamnong'oneza. "Chukua changu."

"Na changu, babu!"

"Changu ndicho kikali!"

Akavimaliza vyote, akalala akijisifu.

Saa nne asubuhi karata ziligawiwa. Kila upande ulibakiza pointi moja tu ushinde. Ghafla Hollis akashika tumbo. Kwa siri yao, hiyo ilikuwa ishara: ninaye ghulamu wa turufu, karata yenye pointi. Fitzroy alikwisha iiba ishara hiyo zamani, akatabasamu. Verlina peke yake ndiye aliyeduwaa, maana ghulamu alikuwa mkononi mwake yeye.

Akamtazama mdogo wake. Jasho. Magoti yamebanana. Akakumbuka kwamba asubuhi hiyo hakuna mtoto hata mmoja aliyekimbilia chooni.

"Bwana Hollis, mbona unacheza dansi kitini?" Fitzroy akauliza.

"Cheza, Fitzroy! Nakuomba, cheza!"

Fitzroy akatupa turufu ndogo, mfalme akambakiza ili amnase naye ghulamu aliyedhani yuko kwa Hollis. Verlina akamshusha ghulamu wake taratibu, taratibu kabisa, huku akimwangalia Hollis machoni.

"Dada!"

"Nini, mdogo wangu? Una haraka?"

Mke wa Fitzroy hakuwa na turufu. Hollis akabamiza karata yake, pointi ikawa yao, mchezo ukaisha, na kiti kilipoanguka mwenyewe alikwisha fika uani.

Kutwa nzima Verlina alimpa maji ya dafu yenye chumvi kidogo, na supu. Jioni wajukuu wakanywa nusu zao, bibi yao mbele yao mikono kiunoni, mpaka kila kikombe kikapinduliwa kitupu mezani. Wakalala mapema wamenuna. Verlina naye akamfunga mbuzi vizuri, akajinyoosha, akasinzia.

"Dada," Hollis akaita kutoka kwenye benchi la mlango wa choo, akijifanya hajui, "ile ilikuwa kikombe kimoja kweli?"

Mbuzi ndiye aliyemjibu. Akaegemeza kichwa ukutani, akalala.