Oili Iliyojua Njia

Mkunga alikalia kopo la rangi lililopinduliwa, akimtazama fundi akifungua nati ya chini ya injini. Oili ya zamani ilitoka nyeusi, ikatiririka kwenye karai. Fundi alichovya kidole, akaisugua kwa kidole gumba, akainusa.

"Hii imechoka, dada. Ungechelewa kidogo tu, injini ingekaba."

"Kazi nyingi, fundi. Mwezi huu wanazaa kama wameambiana."

Fundi alicheka, akamimina karai kwenye pipa lililokuwa kando ya ukuta. Pipa hilo lilichukuliwa kila Ijumaa na mwenye duka la vipuri, ambaye watu walimwita Bwana Lita. Alisema anapaka nguzo za uzio zisiliwe na mchwa. Kwa oili aliyokusanya miaka yote ile angekuwa ameshazungushia uzio nchi nzima, na bado ikabaki ya majirani. Lakini nani amuulize? Duka la oili lilikuwa lake, na jingine halikuwepo.

Kisha fundi akatoa chupa mpya. "Ya gari usiweke hata ukikwama porini, klachi itateleza. Nyepesi mno usiweke, injini itapiga kelele. Yako ndiyo hii." Akararua kikaratasi king'aacho chini ya kifuniko, akamimina. Oili ilishuka rangi ya asali, safi kabisa. Mkunga aliridhika, akapiga kiki, akaenda zake nyumbani.

Asubuhi yake pikipiki ilikataa kukata kulia kwenda zahanati.

Haikuwa mara ya kwanza. Waendesha pikipiki wote wa mji ule walijua kwamba oili ya Bwana Lita huja na njia zake. Ile iliyomwagwa jana ilikuwa ya mwalimu mstaafu. Kila ikipita shuleni ilipunguza mwendo yenyewe, na mkunga alishaizoea, akawa anawapungia watoto mkono. Kabla ya hapo aliwahi kupata ya mlevi mmoja, akawa anafikishwa baa saa za kazi, mpaka wajawazito wakaanza kumsema. Basi, mtu unavumilia, oili inachakaa, unamwaga, unaweka nyingine. Kwa hiyo usukani ulipomvuta kushoto, aliuachia tu, aone huyu mgeni anapenda wapi.

Mgeni huyu alipenda mwendo. Alikata vichochoro kama anakimbizwa, akasimama mbele ya geti la kijani na kuzima injini mwenyewe. Mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi alitoka na glasi ya maji.

"Leo umewahi," aliiambia pikipiki. Ndipo akamwona mkunga aliyekaa juu yake. "Karibu, binti. Samahani, nimesikia mlio wake. Kunywa wewe, yeye hawezi tena."

Mkunga alikunywa bila kushuka. Mama yule aliweka kiganja juu ya tangi, akakiacha hapo.

"Siku ile aliondoka hata maji hakumaliza. Nilimwambia aende taratibu, lakini alikuwa ameshavaa helmeti. Sijui kama alisikia."

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Mbali. Lakini aliishia kona ya machimbo."

Kona ya machimbo mkunga aliijua: mteremko, mwamba upande mmoja, malori ya mawe yakipanda upande wa pili bila kuonekana mpaka yamefika. Alitaka kushuka. Hakuwahi hata kurudisha glasi vizuri, injini ikawaka.

Alibana klachi, haikusaidia. Alikanyaga breki, zilishika kidogo, kwa adabu, kisha zikaachia. Mteremkoni pikipiki ilihama upande wake wa barabara na kwenda upande wa malori, bila haraka ya kugombana naye, kama inayofuata mstari uliochorwa chini. Mkunga alijirusha kwenye majani. Pikipiki iliendelea peke yake mpaka mahali palipokuwa bado na vipande vya kioo, ikajilaza pale, gurudumu likizunguka. Siku hiyo lori halikupita.

Alikaa kwenye majani. "Naogopa," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia. "Mimi naogopa jamani."

Aliizima, akaikokota kwa mkono hadi kwa fundi. Fundi alisikiliza huku akijikuna kisogo.

"Aa, hiyo itakuwa ya yule kijana. Pikipiki yake waliileta hapa ikiwa imekunjika. Nikamwaga oili kabla hawajaipeleka kwenye chuma chakavu. Ilikuwa bado nzuri."

"Bado nzuri!"

"Oili yenyewe, dada. Yenyewe haikuwa na kosa."

"Imwage."

"Nikimwaga niweke nini? Hapa nimebaki na chupa tupu. Nenda dukani ukachague mwenyewe."

Siku nyingine angengoja. Lakini mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa ameolewa ng'ambo ya kona ya machimbo, na mimba yake ilikuwa imetimiza siku. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kimya, mkunga akiwa bado njiani na pikipiki iliyozimika. Mdogo mtu hakuwahi kumlaumu dada yake kwa hilo. Alichosema safari hii ni, "Dada, njoo mapema." Hilo tu.

Dukani kwa Bwana Lita chupa zilipangwa zikapangika: kubwa chini, ndogo juu, lebo zote zikitazama mlangoni. Wageni walisoma lebo. Wenyeji walichagua kwa sikio. Mkunga aliinua chupa ya kwanza, akaiweka sikioni kama simu, akasikia mtu akikohoa. Ya pili, mtu anapiga mluzi, halafu breki zinalia, halafu kimya. Aliirudisha upesi. Ya tatu ilikuwa vivyo hivyo, bila mluzi. Tatizo ni kwamba waendesha pikipiki wanaofia kitandani ni wachache.

"Ya mzee wa posta imekwisha?" aliuliza.

"Zamani! Wanaigombania. Mzee alikuwa na mwendo wa kistaarabu, ingawa ilikuwa inasimama kila geti."

"Nataka ambayo haijawahi kuwa ya mtu."

Bwana Lita alivuta midomo kama aliyetukanwa. "Mama mkunga, hizi zote mpya. Si unaona zimefungwa?"

Chini ya kaunta, nyuma ya miguu yake, palikuwa na boksi lenye chupa zilizoshika vumbi. Mkunga aliinama, akachomoa moja, akaiweka sikioni. Hakusikia kitu. Alibana sikio la pili kwa kidole, akasikiliza tena, na bado haikuwa na mtu ndani.

"Nipe hii."

"Hiyo ya pikipiki yangu."

"Niuzie, Bwana Lita. Nakuomba. Mdogo wangu yuko ng'ambo ya kona."

Bwana Lita alimwondolea chupa mkononi polepole, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu. "Hiyo siuzi. Na mimi nina watoto, mama mkunga. Na mimi barabara naiogopa."

Simu ya mkunga ililia. Alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, na alikuwa analia kabla hajasema neno.

"Shemeji, maji yamemwagika. Nimeangalia kama ulivyonifundisha. Sioni kichwa. Naona mguu."

Mkunga alitoka dukani mikono mitupu. Pikipiki za kukodi zilikuwa zimejipanga kivulini, lakini zote zilikunywa kutoka duka lile lile, na hakujua nani alikuwa ndani ya ipi. Angalau hii yake alishaijua inakokwenda. Alirudi kwa fundi alikoiacha, akapiga kiki. Injini ilipowaka ilimpeleka kwanza kwenye geti la kijani, kama alivyotegemea. Mama yule alitoka na glasi.

"Mama, nataka kupita kona ya machimbo nikiwa hai. Kuna mtoto anatangulia miguu."

Mama yule aliitazama pikipiki, akamtazama na yeye. "Subiri nifunge kitambaa," alisema, na aliporudi alikuwa amekifunga hadi kidevuni. "Nakaa wapi?"

"Nyuma yangu."

"Hakuwahi kunipakia. Alisema wenzake watamcheka."

Alipanda kwa shida, akamkumbatia mkunga kiunoni, na pikipiki ikaondoka vilevile, kwa fujo, vichochoro na vumbi. Mama yule aliweka kidevu juu ya bega la mkunga, akawa anaongea na injini. Hakupaza sauti. "Taratibu, mwanangu." Injini haikusikia. "Taratibu." Walifika mteremkoni, na pikipiki ikahama upande, ikafuata mstari wake. Chini ya mwamba honi ya lori ilipigwa, ndefu. Mkunga alifumba macho, jambo ambalo dereva haruhusiwi kulifanya, lakini hapo yeye hakuwa dereva. Jasho lilikuwa limemlowesha hadi kwenye soksi.

"Leo nipo nyuma yako," mama yule aliiambia injini, kwa sauti ya kumwamsha mtoto aende shule. "Ukianguka unaniangusha na mimi."

Injini ilisita. Gia ilishuka yenyewe, moja, na nyingine. Pikipiki ilirudi upande wake wa barabara, na lori likapita na mawe yake karibu kiasi cha kuwajaza mchanga midomoni. Penye vipande vya kioo pikipiki ilikaribia kusimama kabisa. Kisha ikaendelea mbele. Barabara ya huko haikuijua. Ilikwenda ikiyumbayumba, ikiuliza njia kila penye shimo, kama mgeni.

Mtoto alikuwa wa kike. Alitoka miguu, kiuno, mabega, na mwisho kichwa, akiwa wa bluu, na kwa muda ambao mkunga hapendi kuukumbuka alikaa kimya. Halafu akalia. Mdogo mtu alilia, shemeji akalia huko nje, na mkunga akalia kuwazidi wote, mpaka mama wa geti la kijani akamwambia akanawe uso.

Tangu hapo kila safari ya kona mkunga alimpitia mama yule, na mama alikaa nyuma. Hakuna aliyeona ajabu. Lakini oili haidumu. Ikawa nyeusi, injini ikaanza kukwaruza, na siku moja fundi akachovya kidole, akainusa, akatikisa kichwa.

"Hamwezi kumwacha?" mama aliuliza.

"Injini itakaba, mama."

Mama alishika karai yeye mwenyewe oili ilipokuwa ikimwagwa. Ilikuwa bado ya moto. Aliomba achukue kidogo kwenye chupa akaiweke nyumbani, na fundi alikuwa anatafuta chupa Bwana Lita alipoingia, maana ilikuwa Ijumaa. Alisalimia wote vizuri, akampa mama pole, akachukua karai na kulimimina pipani pamoja na mengine. Mwaka huu mchwa wamezidi, alisema.

Pipa lilikuwa kubwa. Wengine walimpisha, na kila chupa iliyotoka humo ilikuwa na kijana kidogo. Bwana Lita hakuwa mtu mbaya kwa wateja wake. Alipowauzia aliwaelekeza matumizi. "Hii ukishaweka, pitia kwanza geti la kijani, umchukue mama." Wateja walishukuru. Waliolalamika walimlalamikia mama, kwamba siku hizi anachelewa kufunga kitambaa.

Akaanza kukifunga asubuhi kabisa. Alikaa nje ya geti na glasi ya maji. Pikipiki ilikuja, juu yake mtu mwenye macho yaliyomtoka. Mama akapanda, wakapita kona, akashuka, akarudi kwa miguu, akakaa tena. Magoti yalimuuma. Mkunga alimletea dawa ya kuchua.

Alikuwa anamletea hiyo dawa, alasiri moja, alipoona pikipiki mbili zimesimama getini kwa pamoja. Injini zote zilikuwa zinaunguruma, na madereva wote wawili walikuwa wamekamata breki zisizoshika.

"Mama, panda kwangu, nilifika mwanzo!"

"Mama, nimebeba mtoto, mwone!"

Mama alisimama katikati na glasi yake, akitazama huku, akitazama kule. Bwana Lita alipita na pikipiki yake, ambayo ilikwenda alikotaka mwenyewe, akapiga honi ya salamu. Mkunga alidondosha dawa na kuanza kukimbia, ingawa hakujua akifika atafanya nini.

Injini zilipanda sauti, zote kwa wakati mmoja. "Taratibu, mwanangu," mama alisema. Aliweka glasi chini, akakaza kitambaa, akapanda iliyokuwa karibu. Ile nyingine haikungoja.