Brenani Hakuoa

Kitendawili! Sema basi, tega. Hakuoa maisha yake yote, lakini kafa kaacha wakwe wananuniana. Umeshindwa? Nipe mji. Unanipa Kilosa? Haya, Kilosa nimefika, nimekula, nimelala. Jibu ni Brenani, yule Mwairishi fundi mitambo wa mashamba ya katani, aliyezikwa Kilosa pasipo mke wa kumlilia.

Vaileth alikua na jina hilo masikioni. Babu yake, marehemu Elia, alikuwa mtoto wa Brenani, na Kilosa nzima hakuna aliyebisha. Pua yenyewe ilitosha. Taabu ilianza posa ilipofika. Mchumba wake, Evarist wa Mikumi, alileta vyeti ili ndoa itangazwe kanisani, na kwenye cheti cha bibi yake mzaa baba wakasoma: Magdalena Brenani.

"Ndugu hawaoani," wazee wa Kilosa wakasema. Posa ikasimama.

Vaileth hakukaa kulia. Alikwenda makaburini, akakuta jiwe la Brenani limefunikwa na majani. Akaenda parokiani kuomba aonyeshwe kumbukumbu za ubatizo. Kwa Elia, mahali pa baba palikuwa patupu. Kwa Magdalena pia patupu, ila Brenani aliandikwa chini yake, kama msimamizi wa ubatizo. Moyo ukamruka. Kanisani mzazi hamsimamii mwanawe! Na watoto wengi wa kambi za katani walibeba majina ya wasimamizi wao.

Wazee wakakuna vichwa. "Magdalena mwenyewe yu hai. Atakalosema yeye, tutalipokea."

Evarist akapiga simu. Bibi akajibu kwamba mambo ya ukoo hayasemwi kwenye simu, akakata. Basi wakapanda basi la Mikumi.

Walimkuta Bibi Magdalena ukumbini anachambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenza. Umekuja kuninyang'anya mume mchana kweupe?"

Vaileth akajaribu kucheka, ikashindikana. Kwenye kiti kikubwa, chini ya picha ya Brenani iliyotiwa fremu, alikaa Fortunatus, mtoto wa kwanza wa bibi. Mikumi walimwita Mzungu, naye aliitika. Mwaka mzima alikuwa akiandikiana na ukoo wa Brenani huko Ireland, na sasa walikuwa wamemwalika.

Vaileth akapiga magoti. "Bibi, nimekuja na swali moja. Brenani alikuwa baba yako?"

"Swali gani hilo!" Fortunatus akadakia. "Picha hiyo hapo!"

"Baba mkubwa, kanisani kaandikwa msimamizi," Evarist akasema.

"Ulitaka aandikwe nini? Mwanamume kazaa nje, atakwenda kumwambia padri? Kajificha kwenye usimamizi, basi!"

Hilo Vaileth hakuwa amelifikiria. Ikiwa ndivyo, safari yote ile ilikuwa bure, na Evarist ni ndugu yake.

Bibi akainuka polepole, akaleta ugali na mlenda. "Kuleni kwanza."

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mama, usijibu," Fortunatus akasema, sauti imeshuka. "Wale watu wananingoja. Nitawaambia nini?"

"Na mimi nangoja mke, baba mkubwa."

"Wasichana wamejaa Morogoro nzima!"

"Kwa hiyo huyu nimwache ili wewe ukapande ndege?"

"Nyamazeni!" Bibi akasema bila kupaza sauti. Akaitazama ile picha ukutani, kisha akamtazama mwanawe, akamtazama kwa muda mrefu, kama mama anayetaka kumtoa mtoto mwiba na anajua utauma.

"Fortunatus, mwanangu, kaa."

"Nimekaa, mama."

"Kaa vizuri." Bibi akajifuta mikono. "Brenani alinisimamia ubatizo kwa sababu mpishi wake alimwomba. Mpishi huyo alikuwa Mwislamu, hajafunga ndoa na mama, padri akakataa kumwandika. Aliitwa Salehe Mbwana. Ndiye baba yangu."